MUZEE ANAYESAHAU: TELEFONE IKUSAIDIE KUKAA NAYE



Kila mara tunakukumbusha kofia, viatu vya kazi na miwani ya kukinga macho. Leo tunasema juu ya hatari inayoanza nyumbani na inayoweza kukufuata mupaka kwenye mashini: kuchunga muzazi anayesahau.

Pengine ni baba yako, aliyefanya kazi miaka 30 kwenye tanuru. Anauliza neno moja mara kumi. Saa nane ya usiku anaamuka, anatafuta viatu, anasema zamu yake imefika. Pengine ni mama, anayeacha mbabula na moto ndani ya nyumba, ao anayekuita kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani.

Shika kwanza neno hili: huo si uchawi, si kiburi, na si utoto. Ni ugonjwa wa ubongo. Waganga wa hospitali wanauita demensia. Namna yake inayoonekana zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer, kwa jina la munganga Alois Alzheimer wa Ujerumani, aliyeueleza mwaka 1906. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linahesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na demensia, na zaidi ya 60 kwa mia kati yao waliishi katika inchi zenye mapato madogo na ya kati, sawa na yetu. Kumuita muzee huyo mulozi ni kumutesa mutu mugonjwa. Umupeleke kwa munganga, sababu malaria, huzuni kubwa ao dawa zisizomufaa zinaweza pia kuvuruga akili, na hayo yanatibika.

Demensia ya Alzheimer haijapata dawa ya kuiponya. Lakini kuna kitu kinachokufa mbele ya mugonjwa mwenyewe, nacho unaweza kukiokoa: mazungumuzo katikati yenu. Jichunguze. Tangu muzee alianza kusahau, unamuambia nini kila siku? «Kula. Kaa. Nyamaza. Nimekwisha kukuambia.» Hayo ni maagizo, hayaitwi mazungumuzo. Muzee anabaki peke yake, na wewe pia unabaki peke yako.

Wataalamu wa Uskoti, katika vyuo vikuu vya Dundee na St Andrews, walijaribu kusaidia hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walitengeneza mashini iliyoitwa CIRCA. Ilikuwa kioo kinachoguswa kwa kidole, chenye picha, nyimbo na filme za zamani. Mugonjwa na muchungaji wake walikaa mbele yake pamoja. Kwa kawaida muchungaji ndiye anayeuliza, na mugonjwa anatafuta jibu bila kulipata. Mbele ya kioo kile, mugonjwa alichagua mwenyewe, akaanzisha maneno, na wote wawili wakacheka kwa jambo moja. Tena walitumia picha za maisha ya watu wote kuliko picha za jamaa. Kwa nini? Mbele ya picha ya jamaa, mugonjwa anaogopa kuulizwa: «Huyu ni nani?» Mbele ya picha ya muji wake wa zamani, hakuna jibu la kukosa.

Wewe huna mashini ya Uskoti. Lakini una telefone. Shaba na kobalti zinazotoka katika udongo wetu zinaingia katika nyaya na batri za telefone. Basi itumikie pia wazee walioichimba. Fanya hivi:

1. Kusanya vitu vya ujana wake. Nyimbo za ujana zinakaa akilini kuliko habari za jana. Tafuta gitaa ya Jean Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimurekodi huko Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952. Tafuta «Indépendance Cha Cha» ya mwaka 1960. Tafuta picha ya bomba refu la moshi la Lubumbashi na mulima wake mweusi, ao ya timu ya Englebert (leo Mazembe), iliyoshinda kombe la Afrika mwaka 1967 na 1968.

2. Kaa naye. Usimuachie telefone kama unavyomuachia mutoto kitu cha kuchezea, halafu ukaenda zako. Dakika kumi na tano mukiwa pamoja zinatosha.

3. Usimufanyie mutihani. Usiseme: «Umesahau tena?» Sema: «Baba, tazama, hili ndilo bomba la Lubumbashi.» Halafu ngojea. Akinyamaza, nyamaza naye.

4. Akikosea, usibishane. Akisema zamu inaanza, umuulize walifanya nini katika zamu ile. Pengine utasikia habari ambazo hakukuambia bado.

5. Ukiwa Kolwezi na mama ako Likasi, piga telefone kwa saa ileile, muchana, wakati hajachoka. Taja jina lako kwanza, sababu sauti isiyo na mutu inaweza kumuogopesha. Mwenye kuwa naye nyumbani ashike telefone na kumuonyesha uso wako.

6. Wimbo ukimuliza ao ukimukasirisha, zima. Kesho utajaribu mwingine.

7. Usimupige filme akiwa amevurugika na kuituma kwa watu. Heshima yake haijasahauliwa, hata kama yeye anasahau.

Huna telefone ya picha? Radio ndogo na picha chache za karatasi zinaweza kufanya kazi hiyohiyo. Kazi yenyewe ni kukaa pamoja.

Usisahau usalama wa nyumba. Mbabula ikae inje. Weka katika mufuko wa koti la muzee karatasi yenye jina lake na namba ya telefone yako, kusudi atakayemukuta njiani akuite. Uwaambie jirani wa lupangu ukweli juu ya ugonjwa wake.

Na wewe mwenyewe? Mufanyakazi aliyekesha anafika kazini na macho mazito. Mukono wake unachelewa, na wenzake wako katika hatari pamoja naye. Usiache mizigo yote kwa bibi yako ao kwa dada mumoja tu. Ita jamaa, mugawane masiku ya kukesha kama tunavyogawana zamu. Ukiwa umechoka sana, umuambie mukubwa wa kazi mbele ya kushika mashini, usingojee ajali.

Leo ukitoka kazini, uulize jamaa wimbo gani muzee alipenda alipokuwa kijana. Utafute, ukae karibu naye, na usikilize pamoja naye.