Sijawahi kuiona, lakini naijua: Mimi, Mbooni na ‘The Lion King’

Kuna swali ambalo mabeshte zangu wa Nairobi hunirushia kila nikianza stori zangu: “Sasa wewe, mse wa Mbooni, unapendaje shoo ambayo hujawahi kuiona?”

Ni kweli. Sijawahi kuketi ndani ya ukumbi ambamo The Lion King inaigizwa. Lakini niamshe usiku wa manane nitakueleza nani huingia jukwaani wa kwanza, twiga hutembea vipi, na kwamba Rafiki, yule nyani mzee ambaye kwenye filamu ni dume, jukwaani ni mganga wa kike.

Wengi wetu tunaijua filamu ya katuni ya 1994. Ile ya jukwaani ni mnyama mwingine kabisa. Ilijaribiwa kwanza mjini Minneapolis, Marekani, Julai 1997, kisha ikafunguliwa rasmi Broadway, New York, Novemba 13, 1997. Mwaka uliofuata ilinyakua Tuzo sita za Tony, na mwongozaji wake, Julie Taymor, akawa mwanamke wa kwanza kushinda tuzo ya mwongozaji bora wa mchezo wa muziki. London ilianza 1999 katika ukumbi wa Lyceum. Broadway pekee imeshapita maonyesho 10,000, na duniani kote watu zaidi ya milioni 100 wameitazama.

Mimi nilizaliwa mwaka huohuo wa 1997, kwetu Mbooni, Kaunti ya Makueni. Kama hujawahi kufika, ukishuka Machakos unapanda matatu nyingine ya kwenda Kikima, na jinsi barabara inavyopanda milima ndivyo unavyotafuta sweta. Wazee hutuambia jina Mbooni linatokana na mbo’o, yaani nyati kwa Kikamba. Siku hizi nyati hakuna, na munyambu, simba, tunamsikia kwenye hadithi tu. Ajabu ni kwamba wanyama wangu niliwapata kwenye flashi ya mwalimu.

Nilikuwa kidato cha pili, tukijiandaa kwa tamasha la drama. Mwalimu alituletea nyimbo za ile shoo. Hakukuwa na picha, ni sauti tu kutoka kwa spika moja iliyokuwa ikikoroma. Alitaka tusikie jinsi kundi linavyoweza kuimba kama kijiji kizima badala ya kuimba kama kwaya. Sauti ya kwanza kabisa ilikuwa ya Kizulu. Sikuelewa, lakini sikuhisi mgeni pia. Mtu kwetu ni mundu, kwa Wazulu ni umuntu. Ilikuwa kama kusikia jamaa wa mbali akiongea chumba cha pili.

Baadaye, kwa bando za kuungaunga, nilianza kusoma. Nikajua kwamba sauti zile ni kazi ya Lebo M, mzaliwa wa Soweto aliyeishi uhamishoni enzi za ubaguzi wa rangi. Nikajua pia kwamba sisi waongeaji wa Kiswahili tuna bahati ambayo mtazamaji wa New York hana. Yeye akisikia Pumbaa anasikia jina tu; wewe unajua ni mtu aliyepumbaa. Malkia Sarabi ni sarabi, yale maji ya uongo unayoyaona barabarani jua likiwaka. Na yule fisi jike anaitwa Shenzi! Jaribu kumwita jirani yako hivyo uone kitakachotokea.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni picha. Taymor hakumficha mwigizaji ndani ya vazi la mnyama. Kinyago cha Mufasa kinakaa juu ya kichwa, na uso wa mtu unabaki wazi chini yake, kwa hivyo unamwona mfalme na unamwona simba kwa wakati mmoja. Twiga ni mtu aliyesimama juu ya magongo manne, miguuni na mikononi. Nyumbu wanapotimua mbio, wa nyuma kabisa ni wadogo na wa mbele ni waigizaji waliobeba vinyago vikubwa, basi unaona kundi linakujia wewe uliyeketi.

Nilipoona hizo picha nilimkumbuka umau, babu yangu, aliyekuwa mchongaji. Ukambani uchongaji wa kuuza ulianza na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kazi ikaenea vijiji vingi. Umau alichonga twiga wa kupelekwa Mombasa, mamia kwa mamia, na alikuwa akisema mteja hanunui mnyama, hununua mwendo wake. Nilipomwona yule twiga wa New York akitembea nilijua umau angempasisha.

Usidhani mapenzi yamenifanya kipofu. Maneno “hakuna matata” yalikuwa kwenye Jambo Bwana ya Them Mushrooms mapema miaka ya 1980, kabla ya filamu yoyote, na kabla ya hapo yalikuwa kwenye vinywa vya watu. Hata hivyo, Disney iliyasajili Marekani kama alama yake ya biashara, jambo lililozua malalamiko makubwa mitandaoni mwaka 2018. Kuna pia ule wimbo wa simba aliyelala, ambao mzizi wake ni Mbube ya Solomon Linda wa Afrika Kusini, iliyorekodiwa 1939. Linda alikufa maskini. Familia yake ilifungua kesi 2004, na makubaliano yakapatikana 2006. Haya yananiuma. Naipenda shoo, na nadhani ukipenda kitu unafaa kujua kimetokana na jasho la nani.

Sasa nikwambie kwa nini haswa shoo hii imeniganda.

Nikiwa kidato cha tatu, baba alitaka niache drama nishike vitabu. Tulikosana jioni moja, nikaondoka kurudi shule bila kumuaga. Wiki tatu baadaye niliitwa ofisini, nikaambiwa amefariki. Presha.

Unajua hadithi ya Simba. Baba anakufa, mtoto anaamini ni yeye aliyesababisha, anatoroka. Mimi nilimaliza shule, nikaingia Nairobi, na kwa karibu miaka minne sikurudi Mbooni. Nilituma pesa, nilipiga simu, nilikuwa na visingizio vya kila rangi. Nikiwa peke yangu Githurai nilisikiliza nyimbo zilezile usiku, na sikujiuliza hata siku moja kwa nini nilikuwa naruka ile sehemu ambapo Simba anaitwa arudi nyumbani.

Ndoto yangu ilikuwa London. Show haijawahi kuletwa Kenya. Karibu zaidi ilifika Johannesburg, 2007, nami nikiwa darasa la nne. Kwa hivyo nilianza kuweka akiba kwenye simu, elfu mbili hapa, elfu tatu pale. Ilikuwa imefika elfu themanini na kitu pale dadangu mdogo alipoitwa kidato cha kwanza. Mama alipiga simu. Nikamwambia nitatuma karo jioni hiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Pesa huja kwa simu, mwanangu. Mtu haji kwa simu.”

Nikafunga safari.

Usiku ule tulikaa jikoni, moto wa mafiga matatu, ukungu nje. Susu, nyanya yangu, akaniuliza hiyo kitu ya simba ninayoiimbaimba tangu shule ni nini. Nikamsimulia yote kwa Kikamba. Alipofika fisi, mbiti, alicheka hadi akafuta macho, maana kwenye hadithi zake mbiti ndiye mlafi asiyejifunza. Lakini nilipofika pale Simba anapotoroka alinikatiza. Akasema mtoto yule hakuwa na kosa; alikosa tu mtu wa kumwambia hana kosa.

Jikoni kukawa kimya. Mama aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na bahasha ambamo baba aliweka karatasi za shamba. Katikati ya karatasi hizo kulikuwa na cheti changu cha tamasha la drama, kile cha kidato cha pili. Sikuwa najua kilienda wapi. Baba alikuwa amekihifadhi pale ambapo mtu wa kwetu huweka kitu asichotaka kipotee.

Sitakudanganya kwamba nililia kama kwenye filamu. Nilikishika tu, nikawauliza ng’ombe amekamuliwa saa ngapi, kwa sababu sikujua la kusema.

Karo ililipwa. London ikarudi sifuri, na nimeanza kuweka tena, polepole. Siku moja nitaketi Lyceum, na waigizaji wakianza kupita katikati ya watazamaji wakiwa tembo na paa, nitakuwa mzee pekee mle ndani anayemtafuta babu yake kwenye miguu ya twiga.

Ila sikai tena nikingoja. Nikiwa na mia chache naenda Kenya National Theatre, ambako Nairobi Performing Arts Studio wamewahi kuchapa Sarafina!, mchezo wa Mbongeni Ngema kuhusu wanafunzi wa Soweto. Nimejifunza pia kwamba tunao wetu: Eric Wainaina na Sheba Hirst waligeuza Tinga Tinga Tales kuwa mchezo wa muziki, hadithi za wanyama kama zile za susu. Kama una mpenzi wa shoo za nje rohoni mwako, sikwambii umwache. Nakwambia uangalie pia nani anaigiza mtaani kwenu wikendi hii.

Na kila mwisho wa mwezi, nikiweza, napanda matatu ya Machakos, kisha ya Kikima.

Dadangu sasa yuko kwenye kundi la drama la shule yake. Hawafanyi The Lion King. Wanatayarisha hadithi ya mbiti aliyokuwa akisimulia susu, na wameongeza ngoma. Juzi alinipigia simu ya mwalimu, haraka haraka kabla salio liishe. Hakuuliza pesa za matumizi.

“Eti yule twiga,” akasema, “anaanza na mguu gani?”