Mbwa Mkubwa kwenye Depo: Mlinzi ao Deni?



Mavuno yakiisha kuingia, depo zinajaa, na wezi nao wanajua kuhesabu siku. Ndiyo maana katika mikutano ya makoperative tunasikia sana swali hili: tununue mbwa mkubwa? Wengine wanataka Berger Allemand, wengine Malinois, wengine Rottweiler ao Boerboel, ile mbegu ya Afrika Kusini.

Shauri si baya. Mbwa anasikia mambo kabla ya zamu kusikia, na harufu ya mgeni inamfikia hata gizani. Lakini mbwa wa namna hiyo hanunuliwi kama kufuli. Kufuli ukilisahau, linabaki palepale mlangoni. Mbwa akisahauliwa atauma mtu, na mara nyingi mtu huyo si mwizi. Ni mama aliyeleta mahindi yake kwenye mizani, ao mtoto aliyetumwa kumwita baba yake.

Akiuma, nani analipa?

Sheria ya Kongo iko wazi. Code civil, kitabu cha tatu, kifungu cha 261, inasema kwamba mwenye mnyama, ao yule anayemtumia, anajibu juu ya hasara ambayo mnyama huyo ameleta, hata kama alikuwa amepotea ao ametoroka. Basi kusema «alikata kamba usiku» hakutoshi. Kibao cha «Chien méchant» kwenye mlango nacho ni kizuri kwa kuonya watu, lakini hakiondoi deni. Mbwa akiwa wa koperative, deni ni letu sote.

Mkali si mlinzi

Kuna watu wanaomfunga mbwa mnyororo toka asubuhi mpaka jioni, wanampiga, wanampa pilipili ao kumnyima chakula, ati awe mkali. Wanaharibu mnyama. Mbwa aliyepigwa anauma kwa woga, na mwenye woga hachagui: leo ataruka juu ya mgeni, kesho juu ya zamu anayemletea maji. Na njaa haimfanyi mbwa kulinda. Inamfanya apokee nyama yenye sumu kutoka mkono wa mwizi.

Mlinzi wa kweli ni mbwa aliyetulia. Anajua watu wake, anabweka akiona jambo lisilo la kawaida, na ananyamaza akiambiwa anyamaze. Kazi tunayomtaka afanye kwenye depo ni kubweka ili zamu aamke. Kumfundisha kushika mtu kwa meno ni kazi ya polisi na jeshi, wenye wafundishaji waliosomea. Sisi tusiijaribu.

Mafundisho yanaanza mapema

Mchukue mtoto wa mbwa akiwa na majuma 8 hivi, si mbele ya hapo, juu ya angali anajifunza kwa mama yake na ndugu zake. Toka juma la 3 mpaka la 14 hivi, akili yake inapokea vitu vipya bila woga mwingi. Katika siku hizo aone watu wa kila namna: mwenye gunia kichwani, mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye fimbo, wanafunzi, pikipiki, mwavuli. Asichokiona akiwa mdogo, atakiogopa akiwa na kilo 40.

Somo liwe fupi: dakika 10 asubuhi na 10 jioni. Mfundishe jina lake, kisha maneno machache: keti, njoo, acha, nenda mahali pako. Watu wote watumie maneno yaleyale. Akifanya vizuri, mpe palepale kipande cha ndagala ao msifu kwa sauti nzuri. Akikosea, usimpige, mrudishe mwanzo. Komite ichague watu wawili wa kumtunza, ili mmoja akisafiri ao akiugua mwingine aweze kumshika. Mbwa wa watu wote ni mbwa wasiye na mwenyewe.

Mbwa wa mbuzi ana shule nyingine

Wafugaji nao wanatuuliza kuhusu mbwa wa kulinda mbuzi. Huko Namibia, toka 1994, shirika la Cheetah Conservation Fund linawapa wafugaji mbwa wa mbegu za Uturuki, Anatolia na Kangal, ili wanyama wa pori wasile mbuzi, na mfugaji naye asiwaue wanyama wa pori. Mtoto wa mbwa anawekwa pamoja na mbuzi angali mdogo sana, anakua nao, anawaona kama jamaa yake. Akikaa nyumbani kwanza, akicheza na watoto, mara nyingi atapenda watu kuliko mbuzi. Kwa hiyo amueni mapema: mbwa wa depo, ao mbwa wa kundi. Mmoja hafanyi kazi zote mbili.

Siku ya kupima mazao

Siku watu wanapoleta mazao, mbwa asiwe mlangoni wala kwenye mnyororo kando ya njia. Akae ndani ya lupango lake mwenyewe, lenye kivuli, maji safi, na mlango unaofungwa vizuri. Aachwe uwanjani usiku tu, geti likiisha kufungwa. Watoto wasimtupie mawe, wala wasimkaribie akiwa anakula ao akiwa na watoto wake.

Ugonjwa wa rage

Rage, yaani kichaa cha mbwa, inaua watu yapata 59 000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na watoto ni wengi kati yao. Dalili zikiisha kutokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini inazuilika. Mbwa achanjwe akifika miezi 3, na chanjo irudiliwe kila mwaka ao namna veterineri anavyoandika kwenye karte yake. Karte hiyo itunzwe pamoja na vitabu vya koperative.

Mtu akiumwa, fanyeni hivi:

- Osha kidonda palepale kwa maji mengi na sabuni, dakika 15. Usitie pilipili, petroli wala majani.
- Mpeleke kituo cha afya siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo, ili aanze chanjo.
- Kama inawezekana bila hatari, mbwa asiuawe. Afungiwe peke yake, veterineri amtazame siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa na rage ya kuambukiza alipouma. Lakini mgonjwa asingoje siku hizo ndipo aende kutibiwa.

Kabla ya kutoa franga

Mbwa wa kilo 40 anakula karibu kilo moja ya chakula kilichopikwa kila siku, na anaweza kuishi miaka 10. Basi komite iweke maswali haya mbele ya mkutano mkuu, na majibu yaandikwe: Chakula kitatoka mfuko gani? Nani wawili watamtunza? Lupango litajengwa wapi? Chanjo na dawa ya minyoo italipwa na nani? Akiuma mtu, pesa za matibabu ziko wapi?

Kama swali moja limekosa jibu, ngojeni kwanza. Tengenezeni mlango wa depo, mwongezeeni zamu tochi nzuri, na mlisheni na kumchanja yule mbwa wa kienyeji aliyekwisha kuwa pale. Yeye pia anabweka, na usiku sauti ndiyo inayomkimbiza mwizi.