Mshahara mdogo, maisha makubwa: rushwa inavyopimwa

Rushwa haina risiti. Anayetoa hanyanyui mdomo, anayepokea hali kadhalika, na kesi za mahakamani hutuonyesha waliokamatwa tu. Je, itapimwaje?

Wachumi wawili, Yuriy Gorodnichenko na Klara Sabirianova Peter, walijaribu njia nyingine nchini Ukraine na kuchapisha matokeo yao mwaka 2007. Hawakumuuliza mtu kama anakula rushwa. Walichukua takwimu za utafiti wa kaya, ambamo watu hueleza mishahara yao, matumizi yao na mali walizonazo.

Walikuta kwamba wafanyakazi wa umma walilipwa pungufu kwa asilimia 24 hadi 32 kuliko wenzao wa sekta binafsi. Hata hivyo, matumizi na mali za makundi hayo mawili zilikuwa karibu sawa. Waliangalia saa za kazi, marupurupu na kazi za ziada, lakini hayo hayakutosha kulieleza pengo. Lililobaki wakalihesabu kuwa rushwa: kwa uchache dola milioni 460 hadi 580, yaani asilimia 0.9 hadi 1.2 ya pato la taifa la Ukraine mwaka 2003.

Kwetu hesabu hii si ngeni. Mtaani watu hunong'ona: karani yule, ghorofa lile kalitoa wapi? Sheria ya Tanzania ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 nayo inamtaka mtumishi wa umma anayeishi kupita kipato chake atoe maelezo.

Lakini sisi tulio ughaibuni tuna neno. Mwalimu mwenye ndugu Muscat au London huenda amejenga kwa fedha tunazomtumia. Muuguzi huenda ana duka, shamba au mradi wa kuku. Hayo yote yatolewe kwanza kwenye hesabu, la sivyo mwaminifu atawekwa kapu moja na mla rushwa. Isitoshe, takwimu za kaya hupima kundi zima, hazimtaji mwizi. Kumpata huyo ni kazi ya wachunguzi.

Hata hivyo hesabu hii ina funzo kwa serikali zetu. Mshahara mdogo unaweza kuonekana nafuu kwenye bajeti, kumbe aliyepunjwa anajazia kwa mgonjwa aliye kwenye foleni na mama anayetafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Hiyo ni kodi ambayo hakuna bunge lililoipitisha, na mnyonge ndiye anayeilipa.