Gendia: Mwafrika aliyesahaulika katika mwanzo wa Usabato

KATIKA vijiji vingi vya Migori na Homa Bay, kuanzia Macalder hadi ufuo wa Kendu Bay, wako waumini wengi ambao siku yao ya ibada ni Jumamosi, si Jumapili. Chimbuko la desturi hiyo ni kilima cha Gendia.

Wamethodisti, waliotangulia kuingia Kenya kupitia Ribe mwaka 1862, walielekeza nguvu zao pwani na baadaye Meru. Nyanza Kusini ikaangukia mikononi mwa Waadventista Wasabato.

Novemba 1906, wamisionari wawili walivuka ghuba kutoka Kisumu, mwisho wa reli, wakapiga kambi Gendia. Mmoja alikuwa Arthur Carscallen, raia wa Kanada. Jina lake halikosi katika simulizi yoyote ya kanisa hilo, na kwa haki: alijifunza Kijaluo, akaandika sarufi yake, na chini yake Gendia ikapata mtambo wa kuchapa vitabu.

Mwenzake alikuwa Peter Nyambo wa Nyasaland, Malawi ya leo, msomi aliyepata elimu Uingereza. Huyu hutajwa kwa mstari mmoja tu, tena kama msaidizi.

Hata hivyo, Nyambo hakuwa mtu wa kubeba mizigo. Alikuja kuachana na Waadventista, na mwaka 1914 akapeleka London malalamiko ya Waafrika wa Nyasaland na Rhodesia dhidi ya utawala wa kikoloni.

Mwaka huohuo vita vilifika Kisii. Wamisionari wakaondolewa, vituo vikaporwa. Waumini wenyeji walibaki.