Kugeuza Umbo Bila Kugeuza Maana: Ufunguo wa Siri, Cheti na Istilahi Zake

Katika sehemu hii ya mhadhara tunakusudia kubainisha namna ufunguo wa siri na cheti cha usalama vinavyogeuzwa kutoka umbo moja la uhifadhi hadi jingine, na kuonyesha kwa nini suala hili linamhusu mwanaisimu.

Kwanza tufafanue dhana. Cheti ni hati yenye jina la mwenyewe, ufunguo wake wa hadharani na saini ya mamlaka iliyokitoa. Seva humwonyesha kila mgeni. Ufunguo wa siri ndio mwenzi wa ule wa hadharani, nao haonyeshwi mtu.

Maumbo makuu ni matatu. DER huhifadhi baiti kama zilivyo. PEM, lililotokana na viwango vya barua pepe za faragha vya mwaka 1993, huandika baiti hizohizo kwa alama 64 za kawaida, kila baiti tatu zikiwa alama nne, baina ya mstari wa kufungulia na wa kufungia. PKCS#12 ni kasha: hukusanya ufunguo, cheti na vyeti vya mamlaka katika faili moja, kwa kawaida chini ya neno la siri. Java nayo ilikuwa na kasha lake, JKS, hadi toleo la 9 la mwaka 2017 lilipolifanya PKCS#12 kuwa umbo la kawaida. Kwa kuwa seva hazisomi maumbo yaleyale, wahudumu hulazimika kuyageuza, aghalabu kwa programu ya OpenSSL.

Msomaji wa hati zetu za kale atakumbuka unukuzi wa tenzi kutoka hati za Kiarabu kwenda za Kirumi. Hata hivyo, tofauti ni kubwa. Kasra moja yaweza kusomwa *i* au *e*. Hivyo mnukuzi huamua iwapo neno ni *pinda* au *penda*. Kutoka DER kwenda PEM hakuna uamuzi wa namna hiyo: ukirudi nyuma utapata baiti zilezile, bila kupungua hata moja.

Hapa ndipo istilahi inapoleta madhara. Baadhi yetu hutumia neno *usimbaji* kwa mambo mawili: kuandika data kwa alama nyingine, na kuificha kwa ufunguo. Anayeona maandishi ya PEM yasiyosomeka hudhani yamefichwa, akayatuma kwa barua pepe. Kumbe, yasipolindwa kwa neno la siri, yeyote atakayeyapata anaweza kujifanya ndiye seva hiyo. Hapo cheti hakina budi kubatilishwa, na ufunguo mpya kuundwa. Hatari hiyohiyo huzuka mtu anapolifungua kasha la PKCS#12 na kuuacha ufunguo katika faili la PEM lisilo na ulinzi.

Kwa hiyo tunapendekeza *usimbaji* libaki kwa badiliko la alama, na *usimbaji fiche* kwa lile la kuficha. Mhudumu naye, baada ya kugeuza, ahakikishe kwamba ufunguo wa hadharani unaotokana na ufunguo wa siri ndio uliomo katika cheti, kisha afute nakala za njiani. Istilahi iliyo wazi ni sehemu ya ulinzi wenyewe.