Kaunta ya jiwe jikoni: ndimu, klorini na kitambaa cha kufutia

Msimu mmoja wa mvua aliletwa wodini kwetu mama akikohoa mfululizo, macho mekundu, kifua kimembana. Hakuwa na pumu wala mafua. Alikuwa akisafisha kaunta ya jikoni kwake.

Kaunta ile ilikuwa ya marumaru nyeupe, nayo ilikuwa imeanza kupata madoa yasiyong'aa. Alimwaga klorini, yaani ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Madoa hayakutoka. Hapo akachukua dawa ya choo yenye asidi, akaimwaga juu ya klorini ileile, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya mvua. Vitu hivyo viwili vikikutana hutoa hewa ya sumu inayounguza macho, koo na mapafu. Binti yake ndiye aliyemtoa nje. Tulimpa oksijeni na kumlaza hadi kesho yake, kwa sababu hewa hiyo huweza kujaza mapafu maji saa kadhaa baadaye, wakati mgonjwa mwenyewe anadhani amepona.

Alipopata nafuu nilikwenda kumjulia hali nyumbani. Akanionyesha kaunta na kuniuliza, "Mama nesi, jiwe hili lina ugonjwa gani?" Nikamwuliza analisafisha kwa nini. Akajibu kwamba kila siku hulifuta kwa ndimu ili kuua vijidudu. Basi ugonjwa ulikuwa ndimu.

Inafaa tufahamu kwamba mawe hayafanani. (Siku hizi hata vigae vya sakafuni tunaviita marumaru, hapa nasema jiwe lenyewe.) Marumaru ni jamaa ya chokaa, na kitu chochote kikali kama ndimu, siki, ukwaju au dawa ya choo huila. Lile doa si uchafu, ni jiwe lililolika, na hakuna sabuni itakayolirudisha. Ni fundi wa kulisugua upya tu. Terazo nayo ni vipande vya marumaru ndani ya saruji, kwa hiyo ndimu huiharibu vilevile. Graniti, jiwe la aina ya yale majabali makubwa ya Mwanza, ni ngumu zaidi na haijali ndimu, ila ina vitundu vidogo sana vinavyonyonya mafuta. Kama hujui lako ni lipi, dondoshea tone moja la ndimu kwenye kona isiyoonekana, subiri kidogo, ufute. Likitoa povu dogo au likiacha alama iliyofifia, hilo ni la jamaa ya chokaa.

Kwa nini nesi ajishughulishe na kung'aa kwa kaunta? Kwa sababu jiwe lililolika au kuchubuka huwa na mikwaruzo na vishimo, na humo ndimo hujificha maji ya kuku mbichi. Saa moja baadaye mtoto anakatia hapohapo nyanya za kachumbari, chakula kisichopita motoni. Usiku nyumba nzima inaharisha. Kwa hiyo usisugue kaunta kwa mchanga, majivu wala stilwaya, na usikatie nyama juu ya jiwe lenyewe. Tumia ubao, na ubao wa nyama usiwe wa mboga.

Kwa kila siku, maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo yanatosha kabisa. Osha, suuza, kausha. Baada ya kushika nyama mbichi, kuku au samaki, ndipo ongeza klorini, lakini baada ya sabuni, maana mafuta na uchafu huimaliza nguvu. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, kijiko kimoja cha chai katika lita moja ya maji kinatosha. Pakaza, acha dakika chache, suuza kwa maji safi. Kumimina dawa kavu kutoka kwenye chupa hakuongezi usafi, kunaharibu jiwe na mikono yako. Mchanganyiko huo utengeneze upya kila siku, kwa kuwa nguvu yake hupotea.

Na kitambaa! Nimeona jiko linalong'aa lenye kitambaa kinachonuka. Kitambaa kibichi kilichokunjwa pembeni huzalisha vijidudu usiku kucha, na asubuhi unavipaka upya juu ya kaunta yote. Kifue, kichemshe, ukianike juani. Uwe na viwili au vitatu vya kubadilisha.

Doa la mafuta kwenye graniti hutolewa kwa bikaboneti ya maandazi iliyokorogwa kwa maji kidogo hadi iwe nzito. Pakaza, funika kwa nailoni hadi kesho, kisha ufute. Huenda ukarudia mara mbili. Ukitaka kujua kama vitundu viko wazi, weka matone ya maji, subiri dakika kumi. Jiwe likiwa jeusi hapo, linanyonya, na maduka ya vifaa vya ujenzi huuza dawa ya kuziba. Usipake mafuta ya kupikia ili ling'ae. Yatachacha na kunasa vumbi.

Narudi kwenye dawa. Klorini isichanganywe na dawa ya choo, siki, ndimu wala amonia. Isihamishiwe kwenye chupa ya soda, kwani watoto hunywa. Mtu akivuta hewa ile, mtoe nje mara moja na umwahishe hospitali hata kama kikohozi kimetulia. Macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka dakika 15. Aliyekunywa asitapishwe, maana dawa itamchoma tena ikipanda. Njoo na chupa yenyewe ili tujue alichokunywa.

Jambo la mwisho linamhusu fundi. Graniti ina silika, na mawe ya kutengenezwa kiwandani yanaweza kuwa nayo kwa zaidi ya asilimia 90. Vumbi lake likivutwa miaka mingi hukausha mapafu. Ni silikosi, haina dawa ya kuiponya, na humfanya mtu apate kifua kikuu kwa urahisi. Wachimbaji wa Mererani wanaijua. Australia ilipiga marufuku mawe hayo ya kiwandani kuanzia Julai 1, 2024 kwa sababu ya mafundi waliougua. Kwa hiyo fundi akija kutoboa tundu la sinki, asikate jiwe kavu ndani ya nyumba. Mpe ndoo ya maji na mtu wa kulimwagia jiwe likikatwa, akatie uani, avae barakoa nzito ya vumbi, na watoto wakae mbali. Vumbi lililobaki lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiliwe.