Mshale wa GPS Haujui Genge

Wanachuo wenzangu mnaojiandaa kwenda fildi, naomba niwape somo nililolipata Newala kwa miguu yangu mwenyewe.

Tulikuwa watatu, kazi yetu kuchukua pointi za visima upande wa bonde la Ruvuma. Newala ipo ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde: mji uko juu, mto uko chini kabisa, ng'ambo ni Msumbiji. Pale wanapopaita Shimo la Mungu ardhi inakatika ghafla. Saa kumi jioni tulibakiza kisima kimoja. GPS ikasema kilomita 2.1. Tukaambiana, nusu saa tu, twendeni. Tukafuata mshale katikati ya mikorosho mpaka mbele yetu kukawa hakuna kitu, hewa tupu na bonde huko chini. Jua linazama, maji yameisha. Mzee mmoja aliyekuwa akitoka shambani tulimwamkia, akauliza tunakwenda wapi. Tukamwonyesha mshale. Akacheka: "Wajukuu zangu, hiyo ni njia ya ndege. Ya watu mmeiacha kule nyuma."

Maneno hayo yalinifanya nisome habari za watu wanaosafiri kweli kwa njia ya ndege. Kenya, kwenye ukingo wa Bonde la Kerio karibu na Iten, watu huruka kwa paraglaida: bawa la kitambaa, kamba, kiti, basi. Injini hakuna. Katika mashindano ya masafa, kila rubani huingiziwa pointi kwenye GPS. Kila pointi ina duara lake, mara nyingi la mita 400 kutoka katikati. Unaingia duara la kwanza, unakwenda la pili, mpaka mwisho. Zamani walipiga picha za alama za ardhini ili kuthibitisha kwamba wamepita. Siku hizi njia iliyorekodiwa na GPS ndiyo shahidi.

Sasa sikilizeni. Hata hao wanaoweza kufuata mshale hawauamini peke yake. Umbali kwenye kioo ni wa mstari mnyoofu, na wao hujiuliza: je, kimo nilichonacho kinanifikisha? Bawa linalokwenda mita 8 mbele kwa kila mita 1 linaposhuka, likiwa na mita 500 za kimo, litafika kilomita 4 kama hewa imetulia. Upepo ukija usoni, hesabu inabadilika. GPS hupima mwendo juu ya ardhi, si mwendo ndani ya hewa. Bawa la kilomita 36 kwa saa likipingwa na upepo wa 18 linabaki na 18, kwa hiyo zile kilomita 4 zinakuwa 2. Ndiyo maana rubani huzunguka duara moja na kutazama namba. Akisoma 50 upande mmoja na 22 upande wa pili, tofauti ni 28. Nusu yake, 14, ndiyo upepo.

Sisi wa miguu tuna upepo wetu: genge, korongo, mto. Kesho yake tulifanya kama wao. Tukamwomba kijana mwenyeji atuongoze, na kila njia panda tukaihifadhi kama pointi. Zile kilomita 2.1 zilituchukua karibu saa tatu.

Tulipofika, GPS ikasoma sifuri, na kisima hakipo! Akapita mama na ndoo kichwani, akielekea kwingine kabisa. Tukamfuata, tukakiona. Kosa lilikuwa letu. Namba tulizinakili kwenye ramani ya zamani, iliyochorwa kwa mfumo wa Arc 1960, lakini kifaa kilikuwa kwenye WGS 84. Kwa namba zilezile za gridi, mifumo hiyo inapishana karibu mita 300. Rubani akikosea hivyo anaweza kukosa duara na mashindano yakawa yamekwisha. Sisi tungeandika kwenye ripoti kwamba kisima hakipo, na katika eneo ambalo ndoo ya maji hufuatwa mbali, uongo huo ungeweza kuwagharimu watu.

Kwa hiyo, kabla hujaondoka: linganisha mfumo wa kifaa na wa ramani. Hifadhi pointi ya mahali unapoanzia, maana kurudi nako ni safari. Beba betri za akiba. Gawa njia vipande vifupi vinavyopitika. Halafu, hata kama kioo kinang'aa vipi, mwamkie mwenyeji, umuulize njia. Setilaiti ziko zaidi ya kilomita 20,000 juu yetu. Zinakusaidia kujua ulipo, lakini hazijui pa kukanyaga. Yule mzee alijua.